Mtoto ana joto alfajiri: shuleni aende au abaki?

BintiLangoni
Assalamu alaikum. Mtoto wa miaka 7, kilo 20, kaamka mwili moto. Akinywa panadol saa 12, saa 1 utamkuta barazani anacheza. Wiki hii ni ya mtihani. Nimpeleke? Na mafua je, na kuhara? Na chuoni, yaani madrasa, jioni?

NesiMkomani
Waalaikum salaam dada. Pima kabla ya dawa, maana dawa inaficha unachokitafuta. Nguvu ya panadol huisha baada ya masaa 4 hadi 6. Aliyekunywa saa 12 alfajiri, moto humrudia saa 4 au 5, yuko darasani.

Themometa iweke kwapani, mkono ubane, usitoe mpaka ilie. Ikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, abaki. Kiganja kwenye paji la uso hakiaminiki, hasa kwa mtoto aliyelala chandaruani usiku wa kaskazi. Arudi shule akipitisha masaa 24 bila homa na bila panadol.

Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, wako apewe mililita 10, isizidi mara 4 kwa siku. Tumia kipimo cha chupa. Vijiko vya chai havilingani. Aspirini usimpe kabisa.

Tena huku pwani homa haikai bila kupimwa malaria, siku hiyo hiyo. Ni tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20. Ikionekana, AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) ni dozi 6 kwa siku 3: ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi. Wengi huacha siku ya pili mtoto akichangamka, na vijidudu vilivyosalia huanza upya.

MwalimuShela
Mafua bila homa, aje na kitambaa chake. Anayepumua mbio au mbavu zikibonyea ndani ni wa hospitali, si wa shule wala wa kitandani. Surua: abaki siku 4 tangu vipele vitoke. Tetekuwanga: mpaka lengelenge la mwisho likauke gaga. Upele: apakwe dawa kwanza, nguo na shuka zifuliwe, kesho yake aje. Chawa si sababu ya kukosa masomo.

Mtihani mwambie mwalimu mapema, kuna njia. Na asiyekwenda shule, chuoni pia asiende. Kule wanakaa mkeka mmoja, bega kwa bega.

MjaMatondoni
Kuhara na kutapika: abaki nyumbani masaa 48 tangu mara ya mwisho. Mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kukoroga na maji, lakini soma pakiti, kuna ya lita 1 na ya nusu lita. Usikorogee maji ya kisima cha chumvi, mtoto atazidiwa na chumvi na kiu. Chota maji matamu, chemsha, yapoe ndipo ukoroge. Yakipita masaa 24, mwaga. Dafu ni zuri ila chumvi yake ndogo, halishiki nafasi ya ORS. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Macho yakididimia, akilia bila machozi, au choo kikiwa na damu, mpelekeni hospitali, msingoje asubuhi.

NesiMkomani
Ahsante kaka. Hapo ongeza zinki miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Kidonge cha kuyeyuka kiweke kijikoni na maji kidogo, ngoja kiyeyuke chote ndipo anywe.