Mjadala: Barua za Atlantiki Kusini, ndege ya maboya au ya magurudumu?

Mtoa hoja: Kutoka Saint-Louis, Senegal, hadi Natal, Brazil, ni maji matupu, takriban kilomita 3,100. Tangu Machi 1928 kampuni ya Kifaransa ya Aéropostale ilipeleka barua kutoka Toulouse hadi Buenos Aires, lakini kipande hiki cha katikati kilivukwa na meli ndogo za mbio, na siku kadhaa zikaliwa hapo. Mei 1930 rubani Mermoz, mwongoza njia Dabry na mtu wa redio Gimié wakakivuka kwa saa 20 hivi na zaidi ya kilo 100 za barua. Walitumia Latécoère 28-3: injini moja ya Hispano-Suiza ya nguvu farasi 650, na maboya mawili badala ya magurudumu. Nasema maboya yale yalikuwa mzigo, si usalama. Anayepinga aje na hesabu.

Mtetezi wa maboya: Hesabu ni watu watatu, wazima. Julai mwaka huohuo, wakirudi Senegal, oili ilianza kuvuja. Injini inayokosa oili haikupi muda: beringi zinachemka, zinang'ang'ania, na ukiendelea kuilazimisha inajivunja yenyewe. Wakatua baharini kando ya meli Phocée. Watu wakaokolewa, na mifuko ya barua pia. Ndege ya magurudumu ingekita miguu majini na kupinduka kifudifudi.

Mtoa hoja: Umeacha nusu ya habari. Ndege yenyewe ilizama. Kilichowaokoa ni redio ya Gimié na meli iliyokuwa karibu. Maboya yaliwapa muda tu. Tena husemi kwa nini safari ya kurudi ilianza Julai wakati walifika Mei. Waliganda Natal wakijaribu kuruka, na ndege haikubanduka majini.

Fundi: Hilo la Natal lina sababu yake. Chini ya boya kuna ngazi, yaani tumbo limekatwa hatua moja katikati. Mwendo ukiongezeka, boya hupanda na kuteleza kwa sehemu ya mbele ya hiyo ngazi, na hewa ikiingia nyuma yake maji huachia. Maji yakilala tuli kama kioo, hewa haipenyi vizuri na boya linanyonywa chini. Ongeza joto, ongeza ukosefu wa upepo, ongeza matangi yaliyojaa kwa safari nzima ya bahari. Kuna mbinu: kupitisha mashua ya injini mbele ili maji yavurugike, au rubani kuinua boya moja kwanza ili mnyonyo wa maji upungue. Dawa ya uhakika ni kupunguza petroli, na hiyo ndiyo pekee wasiyoweza kuitumia. Kila jaribio linachemsha maji ya rejeta na kula mafuta. Mwishowe walihamia ziwa la Bonfim, nje ya Natal.

Mtetezi wa maboya: Sawa, tuje kwenye magurudumu yenu. Couzinet 70, ile Arc-en-Ciel yenye injini tatu, ilivuka tarehe 16 Januari 1933 kwa takriban saa 14 na nusu. Safi kabisa. Ikarudi lini? Mei 15! Njia ya kurukia ya Natal haikuifaa ndege nzito iliyojaza matangi. Mvua ikinyesha, gurudumu linazama kwenye udongo. Maji hayadai kusawazishwa wala kurefushwa.

Fundi: Mnagombania miguu, ugonjwa uko kifuani. Katika safari hiyohiyo ya Mei injini moja ya Arc-en-Ciel ilishindwa, na mbili zilizobaki zikaifikisha Senegal. Bawa lake lilikuwa nene kiasi cha fundi kutambaa ndani hadi kwenye injini angani. Swali la kuuliza kila ndege ya posta ni hili: injini moja ikifa saa ya tatu ya safari, matangi bado mazito, inashika kimo au inashuka? Saa ya kumi imeshachoma tani kadhaa za mafuta, hapo hata ndege mbaya huonekana nzuri.

Mtoa hoja: Basi pima Croix-du-Sud kwa kipimo hicho. Latécoère 300, tani 23 hivi, tumbo la umbo la mashua linaloelea lenyewe, injini nne. Tarehe 7 Desemba 1936 ilitoka Dakar, ikarudi kwa hitilafu ya propela ya injini ya nyuma kulia, ikaondoka tena. Saa nne na dakika 47 asubuhi redio ikasema wanazima injini ya nyuma kulia. Kisha kimya. Mermoz na wenzake wanne hawakuonekana tena. Mashua yao iliwafaa nini?

Fundi: Injini zake zilipangwa mbilimbili juu ya bawa, ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma. Faida ipo: upinzani wa hewa unapungua, na moja ikizimika ndege haivutwi sana upande. Hasara ni kwamba propela ya nyuma inakata hewa iliyokwisha kuchafuliwa na ya mbele, kwa hiyo hutetemeshwa bila kukoma. Dhana inayokubalika zaidi ni kwamba propela hiyo ilichomoka na kuukata mwili wa ndege. Ikiwa hivyo, hakuna maboya wala magurudumu yanayosaidia. Kuirusha tena siku ileile ndilo kosa ningelilaumu, lakini barua zilikuwa na ratiba.

Mtu wa posta: Ratiba ndiyo kesi yenyewe. Tangu Januari 1936 Air France ilivusha barua zote kwa ndege kila wiki, na ilichanganya aina zote mbili. Blériot 5190 Santos-Dumont, ya kuelea, ilivuka mara 38. Farman F.220 Le Centaure, ya magurudumu, ilianza Juni 1935. Wajerumani nao tangu Februari 1934 walitumia Dornier Wal za kuelea, wakizirusha kwa manati kutoka meli Westfalen iliyokaa katikati ya njia.

Mtoa hoja: Asante kwa ushahidi. Ukihitaji meli nzima yenye manati ili ndege ibanduke, hiyo ndiyo bei ya kuelea.

Mtetezi wa maboya: Na bado Wajerumani hawakuzifungia ndege zao magurudumu.