Nyie mnaobandika vicheko kwenye vichekesho vya Waingereza, mnakera!

Wakuu, leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Kuna kurasa siku hizi kazi yake ni moja tu. Zinachukua kipande cha The Office, ile ya Uingereza, zinakikata mpaka kinabaki kama mkia wa mjusi, zinakibandikia kicheko cha ukumbi mzima, halafu juu zinaandika BOSI MCHESHI KULIKO WOTE. Chini wachangiaji wanajaa: "Mbona haichekeshi?" "Wazungu baridi sana hawa." Itachekesha vipi na mmeshaichinja?

Kwa wasioijua: ilianza BBC Two mwezi Julai 2001. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliiandika na kuiongoza wenyewe, na Gervais ndiye anayeigiza bosi, David Brent, meneja wa tawi la kampuni ya karatasi ya kubuni iitwayo Wernham Hogg, mjini Slough. Imepigwa kana kwamba kuna watu wa kamera wamekuja kurekodi maisha ya ofisini. Hakuna hadhira, hakuna kicheko cha kuwekwa. Ukimya ule hawakuusahau kwa bahati mbaya, ndio mtambo wenyewe.

Chukueni sehemu ya kwanza kabisa. Brent anataka kumwonyesha kijana aliyeanza kazi ya muda jinsi alivyo bosi mtani. Anamwita Dawn, dada wa mapokezi, anamkazia uso, anamtuhumu kuiba vikaratasi vya kubandika vya ofisi na kumwambia kazi hana. Dawn anaangua kilio. Brent anamwambia ni utani tu. Hakuna anayecheka. Kijana hajui aangalie wapi, Dawn analia, bosi amekodoa macho akisubiri sifa, na kamera haiondoki. Wewe uliyekaa sebuleni unatamani kujificha nyuma ya kochi na bado huwezi kugeuza macho. Raha yote iko hapo! Sasa kuna mmoja kaweka "kwakwakwakwa" juu ya kilio cha yule dada. Juu ya kilio, jamani.

Halafu mnasema sisi huku hatuwezi kuuelewa utani huu. Hatuuelewi sisi? Nani hapa hajawahi kukaa kwenye sherehe ya kufunga mwaka, mkurugenzi akashika maiki, akatoa utani uliooza, na ukumbi mzima ukacheka huku kila mtu akimkagua mwenzake kama kacheka vya kutosha? Sisi bosi akitania tunacheka kwa ajili ya ugali. Wa Slough hawachekeshwi kwa lazima. Tim, mmoja wa wafanyakazi, anainua macho polepole anaitazama kamera, basi. Gareth ndiye anayejikomba kwa bosi, na hata yeye mara nyingine anachelewa. Brent anaomba kitu ambacho mabosi wetu wanapewa bure kila Desemba, na hapewi.

Si kwamba watu wa ile ofisi hawana meno. Msimu wa pili unaanza na ujio wa wafanyakazi wa tawi la Swindon, na Neil, ambaye kabla ya hapo alikuwa sawa na Brent kwa cheo, sasa ndiye bosi wake. Neil anatoa hotuba fupi ya kuwakaribisha wageni, wanacheka kwelikweli. Brent anapanda baada yake na utani wake alioutayarisha. Kimya. Anazidi kuchimba, kimya kinazidi. Mwisho anaanza kuwalaumu wageni kwa kutocheka. Ukibandika kicheko pale umefuta tofauti ya Neil na Brent, na hadithi nzima ya msimu wa pili imesimama juu ya tofauti hiyo.

Haya, tuje kwenye dansi, maana ndiyo inayozungushwa kuliko zote. Ni siku ya kuchangisha pesa za hisani. Neil na Rachel, mfanyakazi mwenzao, wamecheza dansi waliyoifanyia mazoezi, watu wamefurahi. Brent wivu unamchoma, anajitosa. Mikono huku, magoti kule, mateke hewani, tai inaruka. Na nyie mmemwekea amapiano! Wapendwa, mtu yule anacheza bila muziki. Anajitolea mdundo kwa mdomo wake mwenyewe, katikati ya ofisi, mchana kweupe, na watu wamesimama wakimwangalia kama wanaangalia ajali. Ukimwekea muziki umemgeuza mchezaji wa kawaida asiyejua kucheza, na wa hivyo tunao kila harusi.

Kibaya zaidi, klipu zenu zinaishia pale. Katika sehemu hiyohiyo, siku hiyohiyo, Brent anaitwa na kuambiwa anapunguzwa kazini. Na wakati anaambiwa, amevaa lile vazi la kuchangishia pesa, linalomfanya aonekane amepanda ndege mkubwa kama mbuni. Mtu anapoteza kazi huku kichwa cha ndege wa kitambaa kikiwa mbele ya tumbo lake. Pale unacheka na koo linakubana kwa wakati mmoja. Wangapi mliokwisha kucheka na lile dansi mnajua kilichofuata? Kuna aliyenijibu inbox eti "hiyo sehemu inaboa, haina vituko". Nimemblock.

Kuna mtu ataniambia mbona Alan Partridge ana kicheko cha hadhira. Ndiyo, anacho. I'm Alan Partridge ya 1997, Steve Coogan anaigiza mtangazaji aliyeporomoka anayeishi hotelini katikati ya Norwich na London, na hadhira inasikika. Lakini ile ilikuwa inacheka kwa kile ilichokiona na inajua lini inyamaze. Alan anapokula na mkubwa wa BBC, akanyimwa kipindi, anaanza kutaja mawazo hovyo hovyo mpaka anafika kwenye nyani wanaocheza tenisi. Kicheko pale kinapanda kadiri mtu anavyozama. Chenu ni kicheko kimoja tu mlichokiokota mtandaoni, kinalia kwa sauti ileile kwa kilio, kwa dansi na kwa kufukuzwa kazi.

Na madijei mnaotafsiri, Peep Show iacheni kabisa. Ile ya Channel 4, 2003 hadi 2015, kamera inakaa kwenye macho ya mhusika na tunasikia anachowaza. Mark anamwoa Sophie kwa sababu tu anaona aibu kusema hataki, na kichwani mwake tunasikia kila kitu ambacho mdomo wake unakataa kutoa. Mnayafunika mawazo yake kwa sauti zenu! Kinachobaki ni bwana harusi aliyenuna.

Suala la toleo la Marekani la The Office sitalijadili, lina sehemu 201, ni zuri kwa namna yake. Ila anayesema la Uingereza ndilo limeiga akasome tarehe. La Marekani lilianza 2005, na sehemu yake ya kwanza imefuata ya Slough karibu hatua kwa hatua, mpaka stepla iliyogandishwa kwenye jeli.

Toleo la Slough lina sehemu 14 tu ukijumlisha zile mbili za Krismasi ya 2003. Na nisiyoweza kuwasamehe ni hii: dakika za mwisho kabisa, Brent amekwisha kufukuzwa, amerudi kama mgeni kwenye sherehe, wanapanga mstari kupiga picha na wenzake wa zamani. Anafanya utani mdogo. Wanacheka. Safari hii kweli, wenyewe, bila kulazimishwa. Umengoja kicheko kile tangu dada wa mapokezi alipolia, na kikija kinakuvunja. Sasa aliyelishwa vicheko vyenu tangu mwanzo, pale atasikia nini?

Mwenye zile sehemu zote zikiwa nzima, na sauti yake ya asili, aseme humu tujue zinapatikana wapi kihalali. Wenye klipu za kubandikwa msijibu uzi huu. Na wasimamizi, tafadhali, msinihamishie jukwaa la vituko.