Ushauri: wapangaji wa juu wananihama kwa joto, niweke kiyoyozi cha ukubwa gani?

Mwenye Ploti: Wadau, nisaidieni kabla mwezi haujaisha. Nina jumba la ghorofa nne Kasarani. Tangu Januari wapangaji wa juu kabisa wanahama mmoja mmoja, eti hakukaliki. Aliyebaki amenitumia picha ya mafuta ya kupikia ya Kimbo yamekuwa maji ndani ya mkebe, saa nane mchana. Nataka kuweka kiyoyozi kidogo kila chumba. Cha ukubwa gani, na stima itakula ngapi? Wenye ujuzi tu tafadhali, mkopo wa sako unaninyima usingizi.

Mpwani wa Bara: Nairobi na kiyoyozi wapi na wapi! Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale, Mombasa, ina kuta za mawe ya matumbawe, nene hadi mtoto analala dirishani. Adhuhuri tulikuwa tunajipumzisha ndani bila hata feni. Nyinyi mnajenga matanuri halafu mnalalamika.

Nyundo Mkononi: Mwenye Ploti, juu ya hivyo vyumba kuna nini? Slebu au mabati? Madirisha yanatazama wapi?

Mwenye Ploti: Magharibi, upande wa barabara. Paa ni la kawaida tu. Turudi kwa kiyoyozi.

Nyundo Mkononi: La kawaida ndilo lipi? Sema, bwana.

Mwenye Ploti: Haya. Juu ya slebu niliongeza vyumba vya mabati, kuta na paa. Siling'i sikuweka kwa sababu vilikuwa vya muda. Mabati ni mepesi, hayalemei jengo, na ndiyo yanayolipa karo ya watoto. Fundi wa viyoyozi nimeshampa nusu ya pesa, kwa hiyo habari za kubomoa msinianzie.

Mama Ibada: Ndugu yangu, kaunti ilikupa idhini? Tumesahau jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 likaua watu zaidi ya 50? Tukishaonja kodi hatumkumbuki Mungu.

Nyundo Mkononi: Mama, hilo la idhini atalijibu mwenyewe. Lakini kuna watu wanaiva humo leo. Mwenye Ploti, sikiza. Tuko karibu na ikweta. Machi na Septemba jua la adhuhuri linapita utosini, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na paa. Bati likishapata moto linakumwagia joto kichwani mchana kutwa, na kiyoyozi chini yake kitakula tokeni za stima kikishindana nalo. Anzia juu. Paka bati rangi nyeupe ya kuakisi jua, uwe unaiosha, maana vumbi la huko likiikalia haina kazi tena. Kisha piga siling'i, uache nafasi kati yake na bati, na matundu yenye wavu pande mbili ili hewa ipite. Ikibaki hela, tandika foili chini ya bati, uso unaong'aa utazame ile nafasi. Ukiubana dhidi ya kitu kingine umetupa pesa. Jua la magharibi huja likiwa chini, kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii. Tundika jamvi au mbao kwa nje. Pazia la ndani linapokea joto lililokwisha kuingia. Usiku Nairobi hupoa, wafungue madirisha. Grili na wavu wa mbu ni juu yako.

Baridi Yao: Na Julai je? Nilikaa chumba cha mabati Githurai, nikawa nalala na koti. Ila mke wangu nilimpata hapo, alikuwa ananiuzia makaa.

Nyundo Mkononi: Siling'i hiyohiyo itamfaa Julai. Hongera kwa makaa.

Karani wa Kona: Samahanini. Mwezi jana huyu Mwenye Ploti alikuwa hapa akiuliza atamshtaki vipi landilodi wake kwa joto la chumba cha mabati. Kasarani hiyohiyo, Kimbo hiyohiyo. Leo yeye ndiye landilodi? Hizi ni stori za jaba. Na wewe Nyundo, jibu refu hivyo ulikuwa nalo mfukoni? Unauza rangi?

Baridi Yao: Mpangaji hadi landilodi kwa mwezi mmoja! Nifunzwe hiyo kwanza, joto litangoja.

Mwenye Ploti: Ule niliuandika kwa niaba ya mpangaji wangu. Simu yake ilikuwa imeharibika.

Karani wa Kona: Akakutuma ujishtaki?

Mama Ibada: Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwombea.

Nyundo Mkononi: Siuzi rangi. Hata kama ni hekaya, vyumba vya mabati vimejaa Eastlands nzima. Ofisi za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri zilifunguliwa 2011 na hewa inapita yenyewe, bila viyoyozi, mji ni huuhuu. Mwenye Ploti, uwe landilodi au mpangaji: paka juu ya chumba kimoja, cha pili ukiache, tundika kipimajoto kila kimoja, usome saa nane mchana. Halafu ndio umwite fundi wako.

Mwenye Ploti: Fundi anakuja Jumamosi. Hivyo vipimajoto vinauzwa wapi?

Baridi Yao: Duka la dawa. Ila vile ni vya kwapani.