Naomba ushauri: mume wangu ameanza kusafishwa damu

Ndugu zangu, mume wangu alivimba miguu na uso kwa muda mrefu huku akitibiwa malaria na taifodi, na hakuna aliyempima kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) hadi figo zote mbili zilipofeli kutokana na shinikizo la damu. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takribani saa nne kila mara, na kinachomtesa zaidi ni kiu, kwani maji anapimiwa kwa kikombe, na madafu aliyoyazoea tangu utotoni Tanga yamekatazwa kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo zilizofeli hushindwa kuyatoa mwilini. Wenye uzoefu, kiu mnaitulizaje? Pia nisaidieni namna ya kumshawishi akubali kutengenezewa fistula mkononi (mishipa miwili ya damu inayounganishwa kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu), kwa kuwa bado anasafishwa kwa mpira wa shingoni, ambao daktari ameonya kuwa huleta maambukizi kwa urahisi.