Wazazi Waswahili, Kaskazini mwa Dallas

*Jumanne, 21 Oktoba 2025*

18:47 Mama Neema: Assalam aleykum, Bwana asifiwe, habari za jioni nyote. Naomba msome mpaka mwisho. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 31, ndiyo hesabu rasmi ya wanafunzi Texas nzima. Kila mwaka ni Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Wangapi wapo, wanaongea lugha gani, wangapi wa kipato cha chini. Tukipitwa siku hiyo, tumepitwa mwaka mzima.

18:48 Mama Neema: Kwa hiyo mambo mawili. Moja, fomu ya chakula cha shule ijazwe wiki hii. Mbili, kikao cha bodi ya wilaya mwezi ujao. Shule yetu inatajwa kwenye zile zenye watoto wachache, zinazoweza kufungwa. Nataka watu watano wa kusimama na kusema.

18:48 Mama Neema: Watano. Sio mmoja kama ile mara.

18:55 Rashidi: Mama Neema hata chai hatujanywa ushafika kwenye "ile mara"

18:56 Mama Neema: Rashidi, umejaza fomu?

18:59 Rashidi: Niko Oklahoma na trela dada yangu

19:00 Mama Neema: Fomu iko kwenye simu. Trela halikuzuii.

19:01 Mama Kulwa: 😂😂😂

19:14 Mwl. Halima: Niongeze kidogo kwa sababu naulizwa sana pembeni. Texas hailipi shule kwa mtoto aliyeandikishwa. Inalipa kwa mtoto aliyekuwepo majina yalipoitwa. Kiwango cha msingi kwa mtoto mmoja kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, na kikakaa hapo hapo miaka yote ile vitu vilipokuwa vinapanda. Mwaka huu bunge la jimbo kule Austin limeongeza 55. Sio 550, ni 55. Nyingine wameweka kwenye mishahara ya walimu, na kwa hilo tunashukuru.

19:16 Mwl. Halima: Sasa fanyeni hesabu. 6,215 ukigawa kwa siku za shule ni dola thelathini na kitu kwa siku. Mtoto akibaki nyumbani kwa sababu dada yake anaumwa, hizo zimeondoka. Mwalimu analipwa vile vile, basi linatia mafuta vile vile.

19:17 Rashidi: Kumbe mtoto wangu ana mshahara wa siku na hajawahi kuninunulia hata soda

19:17 Mama Kulwa: 😂 Rashidi wewe

19:20 Mwl. Halima: Na hili wengi hawalijui: sikukuu ya dini ukileta barua, mtoto anahesabiwa yupo. Jana Diwali, kwenye darasa ninalosaidia viti tisa vilikuwa wazi, na barua tisa zilikuwa juu ya meza ya ofisi kabla ya kengele. Sisi Idi zetu hatuleti hata moja. Daktari pia, akienda asubuhi akarudi darasani siku hiyo hiyo na karatasi ya kliniki, anahesabiwa yupo.

19:21 Mama Neema: MMESIKIA. Barua tisa.

19:38 Baba Zawadi: Hebu tuseme ukweli jamani. Watoto wamepungua kwa sababu nyumba za hapo hazinunuliki. Walionunua miaka ya tisini wamebaki wazee wawili ndani ya vyumba vitano, watoto wao wana familia zao mbali. Kijana mwenye watoto wadogo anakuja huku kaskazini zaidi, Prosper, au anapanda mpaka Celina. Fomu za chakula na barua za Idi haziwezi kuzaa watoto.

19:41 Mama Neema: Haziwezi. Ila zinaweza kuhesabu waliopo. Angalia ghorofa za kupanga za upande wetu, kila ngazi ina Mkongo, Mhonduras, Mwethiopia. Watoto wapo tele. Kwenye makaratasi wanaonekana kama wana pesa, kwa sababu mama zao hawajajaza fomu, na shule haipati nyongeza ya watoto wa kipato cha chini. Ni zaidi ya asilimia 20 juu ya kile kiwango cha msingi, kwa kila mtoto.

19:43 Mama Neema: Mwaka jana, 2024, bodi ya wilaya ya Plano ilipiga kura kufunga shule nne. Lewisville, Desemba ya mwaka huo huo, bodi ikapiga kura kufunga tano za msingi. Plano walishakuwa na watoto zaidi ya 55,000, sasa hawafiki 50,000. Hao ni majirani zetu. Unadhani wetu wanaangalia nini?

19:50 Baba Zawadi: Sipingi. Nasema tusipewe matumaini ya uongo. Na kuanzia mwaka wa shule 2026-27 jimbo linatoa bilioni moja za wanaotaka shule binafsi. Kila anayeondoka anaondoka na pesa yake.

19:52 Mama Neema: Baba Zawadi, umehama, Mungu akubariki na nyumba yako. Lakini usinifundishe matumaini. Ile mara ulisema mbele ya watu "mimi nitasema, Mama Neema wewe kaa". Nilisimama mimi, Neema ana homa begani, dakika tatu za saa yao. Nikageuka nyuma niwaoneshe bodi wenzangu. Viti.

19:53 Mama Neema: Na shule ile leo ina minyororo mlangoni.

20:05 Baba Zawadi: Nilikueleza sababu.

20:05 Mama Neema: Sababu ilikuwa mechi.

20:06 Rashidi: Lakini ilikuwa fainali

20:09 Baba Zawadi: Wallahi kama ni kukumbushana tukumbushane yote. Sufuria kubwa la kikundi liko kwa nani? Tulichanga watu kumi na nne. Kila nikiuliza mnaniletea habari za shule.

20:10 Mama Kulwa: Hapo Baba Zawadi kasema. Harusi ya dada yangu nilikodi sufuria kwa Wahindi

20:10 Rashidi: Mimi nasikia liko Houston

20:11 Mama Neema: Tunaongelea shule.

20:12 Rashidi: Na mfuniko wake uko Houston?

20:31 Mama Furaha: Mama Neema, samahani sana. Ile karatasi ya chakula iko mu sakoshi ya mtoto, sijaigusa. Banauliza numero ya mutu mukubwa wa nyumba. Shemeji anayeishi na sisi hana makaratasi bado. Niliogopa. Niko na batoto bane kule.

20:33 Mama Kulwa: Ila kweli sufuria mwenyewe alikuwa na mfuniko au tulinunua peke yake?

20:34 Mwl. Halima: Jamani ngojeni, Mama Furaha ameuliza la maana.

20:39 Mwl. Halima: Mama Furaha, fomu inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security ya mtu mzima mmoja, yule anayejaza. Kama hana, kuna kiboksi cha kuonesha kwamba hana, unatia alama unaendelea. Hakuna mahali panapouliza nani kaingiaje nchini. Na kama nyumba yenu inapata msaada wa chakula wa serikali, watoto wanapitishwa bila fomu, nitakuangalizia kesho ofisini.

20:42 Mwl. Halima: Kuhusu kusoma kwenyewe, usiogope hata kidogo. Zamani wilaya ya Tyler, hapa hapa Texas mashariki ya Dallas, ilitaka watoto wasio na makaratasi walipiwe dola 1,000 kwa mwaka kila mmoja. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1982 wakaamua mtoto hazuiwi shule ya umma kwa sababu ya kukosa makaratasi. Wale wazazi walikuwa wanakwenda mahakamani alfajiri na vitu vyao vimepakiwa kwenye gari, wakijua wanaweza kurudishwa kwao siku hiyo hiyo. Walikwenda hivyo hivyo.

20:50 Mama Furaha: Aksanti mwalimu. Mungu akubariki. Kesho nitaileta.

20:51 Mama Neema: Mama Furaha usilete peke yako, nitapita kwako saa moja asubuhi tujaze pamoja. Wangapi wengine wana hofu hiyo na wamenyamaza? Niandikieni pembeni. Sitamtaja mtu.

21:36 Mwajuma: Babu ametuma sauti ila wengi mko kazini, ananiambia niandike kama alivyosema, nisipunguze.

21:37 Mwajuma: "Mimi Salehe. Nimewasikiliza tangu magharibi. Nimepita miaka 65, kodi yangu ya shule wameigandisha, haipandi, lakini nalipa kila mwaka, na tangu Mwajuma amalize sina mtoto hapo. Wazungu wa umri wangu mtaa huu nao hawana watoto hapo. Wanakwenda vikaoni. Wanakaa mstari wa mbele na vitambaa vyao vya kufuta miwani, wanasema barabara, wanasema kodi, wanasikilizwa. Nimewaona kwa macho yangu."

21:38 Mwajuma: "Sufuria liko kwangu. Liko kwangu tangu arobaini ya marehemu mke wangu, na aliyelileta analijua hilo. Sikulirudisha kwa sababu zangu. Mwenye shida nalo aje mlangoni, asiliulize kwenye simu."

21:39 Mwajuma: "Mama Neema, andika jina langu la kwanza. Kiingereza changu cha kuombea maji tu, nitasema kwa Kiswahili. Baba Zawadi atasimama ubavuni kwangu atafsiri. Nimemaliza."

21:58 Mama Kulwa: Shikamoo Babu. Tusamehe.

22:04 Rashidi: Babu nisamehe mimi. Mzaha ulizidi.

22:05 Rashidi: Nimejaza fomu. Hapa stesheni ya mafuta.

22:20 Mama Neema: Shikamoo Babu. Nimeandika.

*Jumatano, 22 Oktoba*

05:52 Dada Asha: Nimetoka zamu sasa, nimesoma yote. Babu shikamoo. Mwl. Halima swali: ile karatasi ya lugha ya nyumbani, mimi nilimwandikia Imani Kiingereza, niliogopa wasimpeleke darasa la wazito. Naweza kubadilisha kabla ya tarehe 31?

06:20 Mwl. Halima: Ya Imani imeshapita, ile hujazwa mara moja mtoto anapoanza. Ila mdogo wake anaanza mwakani, mwandikie Kiswahili kama ndicho mnachoongea. Atapimwa Kiingereza, akihitaji msaada ataupata, na shule inaongezewa asilimia 10 ya kiwango cha msingi kwa ajili yake, dola mia sita na kitu. Sio darasa la wazito. Ninakaa humo kila siku, wale watoto wanakimbia kuliko wengine.

06:24 Dada Asha: Sawa mwalimu. Na mimi niandikwe wa kusema, ila kama kikao kinaanza saa moja jioni nitaingia na nguo za kazini

06:25 Mama Neema: Njoo nazo hizo hizo. Wakuone.

06:31 Mama Neema: WA KUSEMA
1. Babu Salehe
2. Mama Neema
3. Dada Asha
4.
5.
Majina yanapelekwa kabla ya kikao, ukifika pale bila kujiandikisha hawakuiti. Mama Kulwa?

07:48 Mama Kulwa: Mimi nitakuja kukaa. Kusema hapana, natetemeka. Ila nitaleta watu wa ngazi yetu, wawili watatu

07:50 Mama Neema: Wawili watatu ni nani na nani?

08:15 Mama Furaha: Mama Neema ameondoka kwangu saa hii. Tumejaza. Batoto bane bote.

08:16 Mwl. Halima: 🙏🏾

12:40 Mama Neema: Baba Zawadi, umeona alichosema Babu.

17:05 Baba Zawadi: Nimeona. Shikamoo mzee wangu. Jumanne ile ya kikao niko zamu ya jioni, naongea na msimamizi wangu kama tunaweza kubadilishana na mtu.

17:06 Mama Neema: Ndiyo au hapana?

17:31 Baba Zawadi: Nipe mpaka Ijumaa.

17:33 Mama Neema: Ijumaa saa sita mchana. Nafasi ya nne naiacha wazi. Rashidi, wewe unarudi lini?