Uzito umegoma kushuka. Seli za mafuta zinakufa au zinajificha tu? Naombeni ushauri

Jabali (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Naandika kichwa kimechoka. Nilikuwa na kilo 121, nikaamua kujinyima, nimeshuka mpaka 104. Mwanzoni mizani ilinipa raha, sasa imeganda palepale. Halafu njaa ninayoisikia siyo ile niliyoizoea, hii inaniamsha usiku. Jamaa mmoja kaniambia seli za mafuta hazifi hata ufanyeje, zinakusubiri uteleze zijae upya. Kama ndivyo, nateseka kwa ajili gani? Swali langu moja tu: nikikaza, nikabaki na mlo mmoja mdogo kwa siku, hizo seli zitaisha? Naomba anayejua anijibu, matusi hapana.

Kidokezi
Mkuu mizani ikigoma badilisha mizani 😂 Natania, pole. Wewe fanya mazoezi mpaka jasho likutoke, mafuta yanatoka na jasho.

Sauti ya Nyikani
Tatizo letu tunataka tulichojaza miaka kumi kitoke mwezi mmoja. Haraka haraka haina baraka. Mwili tumekabidhiwa, tuutunze tangu mwanzo, siyo kuja kulia mwishoni.

Mpenda Baiolojia
Kidokezi, jasho ni maji na chumvi. Mafuta yakivunjwa mwilini yanaishia kuwa kaboni dioksaidi na maji. Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi na 1.6 zinakuwa maji.

Jabali, jamaa yako kakuambia nusu ya ukweli. Mwaka 2008 watafiti wa Karolinska kule Sweden walipima umri wa seli za mafuta kwa kufuata kaboni yenye mionzi iliyosambaa angani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia. Wakakuta idadi yake inajengeka utotoni na ujanani, kisha kwa mtu mzima inabaki karibu ileile. Kila mwaka kama asilimia 10 zinakufa na nyingine zinazaliwa. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, idadi haikushuka. Kilichopungua ni ukubwa wa kila seli.

Ila hapo ndipo watu wanapokata tamaa bure, na hili linaniuma kila nikilisikia. Seli iliyosinyaa siyo seli ileile iliyofura. Ikifura kupita kiasi inakosa hewa ya kutosha, chembe za kinga zinajazana pembeni yake, uvimbe wa chinichini unaanza, na mafuta yaliyokosa nafasi yanahamia kwenye ini na kongosho. Ukipungua, mengi ya hayo yanatulia. Asilimia 5 hadi 10 ya uzito inatosha kuonekana kwenye presha na sukari. Wewe umeshapita 10.

Kuhusu njaa: seli za mafuta zinatoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 kwenye maabara ya Jeffrey Friedman huko Marekani. Seli zikisinyaa leptini inashuka, ubongo unasoma kwamba kuna ukame, unapandisha njaa na kubana matumizi. Kukaza zaidi hakuziui seli, kunazidisha kelele. Pia unapojinyima kupita kiasi unapoteza misuli, na mawe ya nyongo yanaweza kujitengeneza.

Bi Tausi
Mpenda Baiolojia umenigusa. Mimi nilipungua mpaka watu wakanipita njiani bila kunitambua, kisha zote zikarudi na nyongeza. Nyumbani nikaambiwa mvivu, mlafi, nimezembea. Kumbe mwili ulikuwa unadai deni lake? Mwanangu Jabali usikubali mtu akutukane kwa hilo. Mimi nilianza kulala njaa mume wangu akiwa safarini, ili asinione ninavyokula mkate gizani baada ya kushindwa...

Mpenda Baiolojia
Bi Tausi, shikamoo. Ndiyo. Na mwaka 2024 watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba seli za mafuta zinatunza kumbukumbu ya unene. Kwa panya waliowahi kunenepa, alama za kikemikali zinazowasha au kuzima jeni zilibaki hata baada ya kukonda, na wakirudishiwa chakula chenye mafuta mengi wananenepa haraka kuliko wenzao. Kwa watu waliopungua baada ya upasuaji, utendaji wa baadhi ya jeni kwenye mafuta yao haukurudi kuwa wa kawaida hata baada ya miaka miwili. Hakuna uvivu hapo.

Nesi wa Zamu
Jabali, hebu rudi. Umesema njaa inakuamsha usiku. Inakuja na nini kingine? Jasho la baridi? Mikono kutetemeka? Moyo kwenda mbio? Na unatumia dawa gani?

Jabali
Nashukuruni wote. Mpenda Baiolojia nimekuelewa, lakini naona bado mlo mmoja una faida, mizani haidanganyi. Dada nesi, kutetemeka kidogo kupo, nadhani ni mwili unazoea. Dawa ni zile za kawaida tu.

Nesi wa Zamu
Za kawaida ndizo zipi? Taja jina.

Kidokezi
Mkuu kila mtu ana dawa zake, tusimfanyie mahojiano ya polisi.

Nesi wa Zamu
Kidokezi, kaa pembeni kidogo ndugu yangu. Jabali, jina.

Jabali
Sawa. Nina kisukari, aina ya pili. Natumia metformini na glibenklamidi, asubuhi na jioni. Sikuandika mwanzo kwa sababu najua mngeacha swali langu mkaanza kunitisha. Na huo mlo mmoja ukweli ni kwamba nimeshauanza. Hii glibenklamidi nimekuwa naikata nusu kwa kisu, kwa hiyo nimejipanga, siyo kwamba nimekurupuka. Kliniki sijawaambia kwa sababu watanirudisha kula kama zamani, na mimi kwenye kilo 121 sirudi.

Nesi wa Zamu
Ahsante kwa kusema. Sasa nisikilize. Glibenklamidi inaikamua kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Ukiimeza jioni ukalala na njaa, sukari inaporomoka ukiwa usingizini. Hiyo inayokuamsha wala siyo seli za mafuta, ni mwili unaomba msaada. Siku usipoamka je? Pima sasa hivi, ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kula sukari gramu 15 mpaka 20, au juisi yenye sukari kiasi hicho, subiri dakika 15, pima tena. Halafu piga simu kliniki leo.

Chungu Kipya
Wadau hii chai. Mnaona mtiririko? Kwanza uzito umegoma, halafu maswali ya kitaalamu, halafu kumbe mgonjwa. Ulishawahi kuja uzi wa namna hii hapa, mwishoni ikatua namba ya simu na unga wa kupunguza tumbo. Na huyo Mpenda Baiolojia anajibu kama aliyeandaliwa. Nimekaa pale nasubiri namba.

Sauti ya Nyikani
Hata mimi nilishangaa. Mtu mwenye kisukari asitaje kisukari?

Mpenda Baiolojia
Chungu, sina unga wala namba. Nimeandika kwa sababu mama yangu alifundishwa kujichukia kwa kitu ambacho mwili wake ulikuwa unafanya wenyewe.

Bi Tausi
Wagonjwa tunaficha jamani. Nani anapenda kuanza na ugonjwa wake?

Jabali
Chungu Kipya, fikiria unavyotaka. Nimepima, imesoma 3.2. Mke wangu kanikorogea maji ya sukari, mkono ulikuwa unacheza mpaka tone la damu likaenda nje ya kijiti, nikatoboa kidole cha pili. Sina cha kukuuzia. Naogopa.

Chungu Kipya
Mkuu kama ni kweli, samahani. Tumechoka kuibiwa humu.

Mpenda Baiolojia
Jabali, hilo la kurudishwa kula kama zamani silo lazima liwe. Mwaka 2017 Uingereza walichapisha utafiti wa DiRECT wa Mike Lean na Roy Taylor. Wagonjwa wa kisukari aina ya pili walipewa mlo wa kalori 825 mpaka 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na baada ya mwaka asilimia 46 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Angalia walichofanya kwanza: dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ileile mlo ulipoanza, na madaktari waliwafuatilia. Yaani unachokitaka kipo. Ulichokosa ni mtu wa kupanga dawa ziendane na chakula.

Jabali
Hili ningelijua mapema. Nimepima tena, 5.1. Nimepiga simu, wameniambia ya jioni nisimeze, nile kitu kabla ya kulala, asubuhi niende na daftari la vipimo. Ila mlo wangu nitautetea, nawaambia kabisa.

Nesi wa Zamu
Utetee, ni haki yako. Waambie pia ulivyokuwa unakata vidonge, usiwafiche. Leo usilale peke yako, na kipimo kiwe karibu.

Kidokezi
Dada nesi, samahani, mimi natumia metformini peke yake na nimeanza kuruka mlo wa jioni. Inanihusu?

Nesi wa Zamu
Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo. Hata hivyo mwulize aliyekuandikia kabla hujaruka mlo mwingine. Na dawa nyingine unatumia? Taja zote.