Wembe wa kunoa au kishikio cha nusu wembe? Nataka kununua wiki hii

Kibirizi_Juu
Wakuu salaam. Nipo Kigoma mjini, nataka kuachana na mashine nijifunze kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja. Nina njia mbili. Kuna wembe wa kunoa wa zamani, umechorwa Solingen (mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe), muuzaji yuko Tabora, anataka elfu themanini na atautuma kwa basi. Halafu kuna kile kishikio cha vinyozi cha kuweka nusu wembe, madukani kimejaa. Upi unafaa kujifunzia? Naomba kuwasilisha.

Kinyozi_Ujiji
Mkuu, habari umeleta nusu. Unajinyoa mwenyewe au unataka kunyoa wateja? Ndevu zako zimejikunja au zimenyooka? Vipele unavyo? Na hiyo elfu themanini ina mkanda wa ngozi wa kulainishia makali na mawe ya kunolea ndani yake, au ni wembe mtupu? Jibu hayo kwanza.

Nyuki_Isevya
Kama ni wateja hakuna mjadala, chukua kishikio. Wembe wa kunoa hauwezi kuhama shavu la mtu mmoja kwenda la mwingine bila kutakaswa, na dawa yenyewe ndiyo inayouua. Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, dakika kumi: virusi vya homa ya ini na Ukimwi unavimaliza, lakini chuma cha kaboni kinaanza kutu siku hiyohiyo, na kutu inaumiza makali kwanza kwa sababu ndipo chuma kilipo chembamba. Nusu wembe ni mteja mmoja, unatupa kwenye kopo la bati.

Kibirizi_Juu
Najinyoa mwenyewe tu. Labda na mdogo wangu mara mojamoja. Bei ni ya wembe peke yake.

Kinyozi_Ujiji
Basi "labda na mdogo wangu" ifute. Wembe wa kunoa ni wa mtu mmoja kama mswaki.

Kwa kujifunza mkono, mimi nasema kishikio. Vunja wembe ukiwa bado ndani ya karatasi yake, ukunje kwa urefu, unapasuka katikati vizuri. Pakiti ya tano inakupa nusu kumi. Chukua kishikio kinachobana wembe urefu wote, siyo kile kinachoacha pembe zimechomoza nje. Pembe hizo ndizo zinazochana sikio.

Baba_Cheyo
Hapo ninapingana na mkuu wa Ujiji. Kishikio ni chepesi na wembe wake ni mwembamba mno, haukusamehei kitu. Kwa vile hakina uzito, mgeni anakandamiza, na akikandamiza tu anakata. Wembe wa kunoa una mgongo mnene, uzito wake wenyewe unafanya kazi, mkono unaongoza tu. Wenye mkono mzito wanajifunza haraka zaidi kwa wembe halisi.

Pembe kati ya wembe na ngozi ni nyuzi 30 hivi. Ulaze bapa shavuni, kisha unyanyue mgongo mpaka nafasi chini yake iwe kama unene wa mgongo mara moja na nusu. Ukiulaza sana unavuta ndevu badala ya kuzikata. Ukiusimamisha unakwangua ngozi, na jioni shingo inawaka. Vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, gumba chini, kidole cha mwisho kwenye mkia. Mvuto wa sentimita mbili au tatu, basi, unavuta ngozi upya. Na usiuteleze kwa upande hata siku moja. Kwa upande ndivyo kisu kinavyokata nyama.

Wiki za mwanzo nyoa mashavu tu. Kidevu na juu ya mdomo malizia kwa kifaa ulichozoea.

Kinyozi_Ujiji
Sawa kwa pembe. Lakini huo mkono mzito utaukuta kwenye mkanda pia, na hapo ndipo wembe wako halisi unaharibika kabla haujagusa ndevu.

Baba_Cheyo
Mkanda unafundishika. Uvute ukaze kama kamba ya kuanikia, wembe ulale bapa, mgongo utangulie na makali yafuate. Ukifika mwisho geuza kwa kuupindua juu ya mgongo, siyo juu ya makali. Upande wa turubai mara 20, upande wa ngozi mara 50, kila kabla ya kunyoa. Mkanda ukilegea makali yanaviringika, unadhani wembe umekuwa butu kumbe umeubutusha mwenyewe.

Nyuki_Isevya
Ngozi ikikauka mnaipaka nini? Hapa Tabora nta ya nyuki ipo ya kumwaga.

Baba_Cheyo
Nta hapana. Inajaza ngozi, wembe unateleza bila kushikwa, na mkanda unahitaji kuushika wembe kidogo. Isugue kwa kiganja kisafi, mafuta ya mkono yanatosha. Nta yako uza na asali.

Gungu_Chuma
Mnabishana mkanda wakati hamjamuuliza nani atamnolea. Kuna wembe wa Solingen kama huo ulipelekwa kwa fundi wa visu, jina tuliache. Ulikuwa butu tu, hauna pengo hata moja. Akaubandika kwenye jiwe la umeme, cheche mbili tatu, ukarudi unang'aa. Ukiutazama kwenye mwanga, kando ya makali kuna ukanda wa bluu. Wembe wa kaboni kiwandani unapashwa hadi karibu nyuzi joto 200 za Selsiasi ili ubaki mgumu bila kuvunjika. Bluu inatokea karibu na 300. Maana yake chuma kimelainika, noa uwezavyo, makali hayakai.

Hilo moja. La pili, alikwangua mgongo upande mmoja tu. Mgongo ndio kipimo cha pembe: ukilaza wembe kwenye jiwe, mgongo na makali vinagusa pamoja. Upande mmoja ukiliwa, pembe za pande mbili hazilingani tena. Ulisuguliwa kwenye jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi) mpaka mikono ikachoka, bluu ikabaki. Sasa unakatia nyuzi kwa fundi cherehani.

Jiwe la duka la vifaa vya ujenzi, lile la pande mbili, ni la panga na mundu. Wembe unataka 4000, halafu 8000, ukipata 12000 vizuri zaidi. La 1000 ni kwa wembe ulioharibika tu. Makali yanatangulia kwenye jiwe, kinyume cha mkanda. Piga hesabu ya mawe hayo kabla hujatuma hela.

Mama_Kachoma
Bado hajajibu la vipele, na ndilo kubwa. Ndevu zilizojikunja zikikatwa karibu sana zinarudi chini ya ngozi, zinaota zikiingia ndani. Wembe unataka ngozi ivutwe, na kuivuta ndiko kunakozamisha udevu. Kama anavyo shingoni, asinunue chochote hapo juu. Mashine ibakize milimita moja, yatosha.

Baba_Cheyo
Anyoe kwa kufuata ndevu, mara moja, asirudie kwa kukinzana nazo. Vipele vingi vinatoka kwenye kurudia mara ya pili.

Mama_Kachoma
Vingi, siyo vyote. Na shingo nyingi ndevu zinageuka upande wa koromeo, huyo mgeni atajua mwelekeo upi? Aache siku tatu ziote, apapase kwa kidole, achore kwenye karatasi.

Kinyozi_Ujiji
Na shabu baada ya hapo, siyo spiriti. Lowesha jiwe la shabu, pitisha, acha dakika moja, suuza. Palipochoma sana ndipo ulipokandamiza.

Kibirizi_Juu
Vipele ninavyo kidogo, chini ya taya. Nashukuru wakuu. Muuzaji kanitumia picha, wembe una madoa meusi upande mmoja. Yanasafishika?

Gungu_Chuma
Yako umbali gani kutoka kwenye makali? Mwambie aupige picha pande zote mbili, kisha aulaze juu ya kioo. Ukicheza, umepinda.